Isome Karatasi Kabla Hujailipia

Mama yangu mdogo aliweka akiba miaka tisa. Aliuza vitenge na mashuka kwa kukopesha, ofisi kwa ofisi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa na safari zake za kudai. Alipopata eneo Mkuranga, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka barabara ya lami, alitupigia simu ukoo mzima. Nilipokwenda kumpongeza, aliingia chumbani akarudi na mfuko wa plastiki uliokuwa wa sukari, akatoa mkataba. Ilikuwa karatasi moja ya daftari lenye mistari, imekunjwa mara nne na imeanza kukatika kwenye mikunjo. Juu iliandikwa MAUZIANO YA SHAMBA kwa herufi kubwa. Chini yake majina mawili, kiasi cha pesa kwa tarakimu na kwa maneno, mipaka ya eneo (mashariki njia, magharibi mnazi, kusini bonde), mashahidi watatu, alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, na muhuri wa serikali ya kijiji.

Haikuwa karatasi ya utapeli. Waliosaini wote walikuwa watu wanaojulikana, na pesa zilihesabiwa mezani watu wakiona. Lakini mwaka wa tatu, mama mdogo akiwa ameshapanda minazi na kuchimba msingi, walikuja watu wanne wakasema shamba lile ni la marehemu baba yao, na aliyeliuza ni ndugu yao mmoja ambaye hakutumwa na mtu. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Mama mdogo alinipa ile karatasi akasema, "Mwanangu, hebu nisomee, imeandikwa wapi kwamba walikuwa watano?" Niliisoma mara mbili. Haikuandikwa popote. Wala hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema muuzaji alilipataje shamba.

Tangu siku hiyo nimeketi na karatasi nyingi za namna ile, za ndugu, za majirani, za watu nisiowajua wanaoelekezwa kwangu baada ya pesa kwenda. Makala haya nayaandika kwa yule ambaye pesa zake bado ziko benki. Ninachotaka akishike ni kwamba karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji ni maneno ya muuzaji. Habari za ardhi yenyewe zinatunzwa kwingine, kwenye daftari la msajili au la kijiji, na pale shambani juu ya udongo, na kila mnunuzi anaweza kwenda kuzitazama huko kabla ya kulipa. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na anayenunua huko azisome zile.

Tuanze na jambo linalowashtua wengi. Kwa sheria zetu, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia, mara nyingi kwa muda na masharti. Ndiyo maana hati miliki huwa na miaka: 33, 66 au 99. Mtu akinunua leo nyumba ambayo hati yake ya miaka 33 ilitolewa mwaka 1996, amenunua muda uliobaki wa yule aliyemtangulia. Haki inaweza kuombewa muda mpya, lakini ni vizuri ujue umebakiza nini kabla hujakubali bei.

Ardhi hiyo ya umma imegawanywa makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Swali la kwanza kwa muuzaji, hata kabla ya bei, ni kwamba eneo hili liko kundi gani. Likiwa ndani ya hifadhi ya barabara au msitu, hata mkiandikishana mbele ya mashahidi mia, hakuna ulichopata. Likiwa la kijiji, mwenye mamlaka ya kulisimamia ni Halmashauri ya Kijiji. Angalia neno halmashauri. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake si halmashauri. Kama wewe si mwanakijiji, omba uone muhtasari wa kikao kilichoridhia wewe upewe haki katika eneo lile: tarehe, waliohudhuria, walichoamua. Mkataba wa mama mdogo ulikuwa na muhuri mzuri wa mviringo, lakini kikao hakikukaa. Mtu aligonga muhuri kwa sababu anamfahamu muuzaji.

Hapa nataka niseme neno kwa upande wa pili pia, maana kuna watu wakishajua kidogo habari za hati wanaanza kuwadharau wasio nazo. Mkulima aliyerithi shamba kwa mila, asiye na karatasi hata moja, ana haki inayotambulika kisheria. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililotoka mkoani Arusha. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi za vijiji. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia. Kwa hiyo ukiona shamba "halina hati", usidhani halina mwenyewe. Mara nyingi lina wenyewe wengi kuliko kiwanja chenye hati, nawe huna budi kuwatafuta wote.

Sasa karatasi zenyewe. Dalali atakwambia "ina document zote" na kukuonyesha bahasha. Usiipime bahasha kwa unene. Itoe karatasi moja moja, na kila moja uiulize imetolewa na nani na inathibitisha nini.

Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kijijini na kuandikwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Ukinunua, badiliko liandikwe huko huko. Leseni ya makazi ni ya maeneo ya mijini yaliyojengwa bila kupimwa. Ni ruhusa ya muda maalumu, inahuishwa, na ina manufaa yake, ila haina uzito wa hati miliki, hivyo asiyeijua asiuziwe kwa bei ya hati. Barua ya toleo ni serikali inasema iko tayari kukumilikisha kiwanja kwa masharti fulani na malipo fulani. Wengi wamekaa na barua ya toleo miaka ishirini wakiiita hati. Ukiletewa barua ya toleo, omba stakabadhi za malipo yaliyotajwa ndani yake, kisha ukaulize ofisi ya ardhi kwa nini mpaka leo hati haijatoka. Jibu la swali hilo ndilo hasa unalotaka kulijua. Huenda ni uzembe tu wa mwenyewe, au huenda kiwanja kile kina watu wawili.

Risiti za kodi zinachanganya wengi. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka na mwenye hati, na mwenye hati akiwa na deni la miaka kumi, ofisi ya ardhi itataka lilipwe kabla ya kukuhamishia. Kodi ya jengo ni kitu kingine. Tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU. Mpangaji ananunua umeme, shemeji anayelinda nyumba ananunua umeme. Risiti ya LUKU haimthibitishi mtu kuwa mwenye nyumba.

Kisha hati miliki, ambayo watu wakiishika huitazama jina tu na kuirudisha kwenye bahasha. Keti chini nayo. Soma namba ya kiwanja na kitalu, eneo kwa mita za mraba, tarehe muda ulipoanza, na matumizi yaliyoruhusiwa. Kama imeandikwa makazi nawe unataka kujenga nyumba ya wageni, itabidi uombe kubadili matumizi, na huwezi kuwa na hakika kwamba utakubaliwa. Soma masharti ya uendelezaji. Tazama ramani iliyoambatishwa, yenye namba za mawe ya mipaka. Halafu igeuze. Kurasa za nyuma ndiko huandikwa yaliyoikuta hati hiyo tangu izaliwe: uhamisho kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani, rehani ya benki, kufutwa kwa rehani, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Nimeona mtu aliyekagua ukurasa wa mbele wote kwa kidole, neno kwa neno, na hakugeuza.

Hata ukigeuza, bado unasoma nakala. Daftari lenyewe liko kwa Msajili wa Hati, na kila mkoa sasa una ofisi ya ardhi. Unaomba upekuzi rasmi, wengine husema kufanya search, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, na unajibiwa kwa maandishi: nani amesajiliwa, tangu lini, kuna rehani gani, kuna zuio gani. Omba wewe mwenyewe au wakili uliyemchagua wewe. Majibu ya upekuzi yanayoletwa na dalali au muuzaji yaweke kando kwa heshima, uanze upya. Na kama kati ya upekuzi na siku ya kulipa imepita miezi, omba tena, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa wiki yoyote. Wapo wanaoona ada hii ni ghali. Nimewaona watu hao hao wakimlipa dalali pesa ya kuonyeshwa kiwanja bila kubisha.

Baada ya ofisi, twende shambani, na twende na mpima. Jiwe la mpaka, ambalo wengi huliita bikoni, ni chuma kilichozungushiwa zege na kuzamishwa ardhini, kichwa kikiwa kimechungulia kidogo, na namba yake inapaswa kulingana na ya kwenye ramani. Siku moja nilikwenda na kijana aliyetaka kununua kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa Dar es Salaam. Mpima alishika ramani na kifaa chake, akahesabu, akasimama penye majani marefu akasema hapa. Tulifyeka kwa panga, tukachimba kwa jembe mpaka magotini, jiwe hatukuliona. Tukalipata mita kumi na moja mbele, ndani ya uzio wa jirani, limeegemea ukuta wa choo. Kijana hakususa kile kiwanja. Alimwambia muuzaji mipaka irudishwe kwanza na wapima wa halmashauri, jirani akiwepo, ndipo bei izungumzwe. Ilichukua muda. Lakini fikiria angeligundua jambo hilo akiwa na lori la matofali getini.

Ukiwa hapo hapo, waamkie majirani. Usijifiche kana kwamba unafanya jambo la aibu. Sema, "Shikamoo mzee, nataka kuwa jirani yenu, nimeambiwa hapa panauzwa na fulani." Kisha nyamaza usikilize. Mzee anayechunga mbuzi pale atakwambia marehemu alikuwa na wake wawili, jambo ambalo halimo katika daftari lolote la serikali. Mwenyekiti wa mtaa naye anafaa kuulizwa. Anawajua watu wake. Ila ukumbuke kwamba muhuri wake hauhamishi milki ya kiwanja kilichosajiliwa. Uhamisho huo hauna nguvu mpaka uandikishwe kwa Msajili.

Nimetaja wake wawili, na hapa ndipo palipo na machozi mengi kuliko penginepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Jina likiwa moja kwenye hati, haimaanishi mwenye sauti ni mmoja. Mwombe mke, au mume, aje asaini ridhaa mbele ya wakili, na umwone kwa macho yako. Muuzaji akisema hajaoa, aape hivyo kwa maandishi, nawe uwaulize majirani vilevile. Wako wanaume wanaoona kuombwa ridhaa ya mke ni kudharauliwa. Mwenye nia njema hatachukia, na atakayechukia amekwisha kukupa jibu.

Mali ya marehemu ina njia yake. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza msimamizi, na muhtasari wake ni mwanzo mzuri, lakini anayemteua ni mahakama. Kwenye Mahakama ya Mwanzo karatasi unayoitafuta ni Fomu Na. 4. Chukua namba ya shauri, nenda katika mahakama hiyo, umuulize karani kama faili lipo, na msimamizi ni huyu anayekuuzia au mwingine. Kisha, hata kama msimamizi ana mamlaka ya kuuza, mimi husisitiza warithi wote watu wazima wasaini kwamba wanajua na wamekubali. Wengine wataniambia sheria haidai yote hayo. Nimeona familia za kutosha, siachi kulisisitiza.

Mkataba uandikwe kwa lugha unayoielewa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, basi usione haya kumwambia wakili mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Usisaini kurasa sita za Kiingereza kwa sababu zimechapwa vizuri. Ndani yake muuzaji aeleze alivyoipata ardhi, na bei iwe ile ile mliyokubaliana. Hili la bei lina mtego. Mtu atakwambia muandike pungufu ili kodi iwe ndogo: wewe umelipa milioni arobaini, karatasi inasema kumi na tano. Siku mambo yakiharibika ukaenda kudai pesa zako, karatasi yako mwenyewe itakushuhudia kwamba ulitoa kumi na tano. Lipa kupitia benki, jina kwa jina, na baki na kiasi ambacho hutakitoa mpaka uhamisho ukamilike.

Uhamisho wa kiwanja chenye hati una fomu zake, Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35: ya kumjulisha Kamishna wa Ardhi, ya kuomba kibali, na ya kuhamisha yenyewe. Mthamini atathamini, TRA watataka kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, na ushuru wa stempu, ndipo hati iende kwa Msajili na jina libadilike. Mkubaliane mapema nani analipa nini. Wanunuzi wengi huchoka hapa. Wamepewa funguo, wamehamia, wanaona mkataba wa wakili unatosha, na hati inabaki na jina la mtu wa zamani. Miaka inapita, mtu wa zamani anafariki, watoto wake wanaikuta hati yenye jina la baba. Usichoke hapa.

Na kama mgogoro umeshaingia, usikae kimya. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na miaka hiyo hukimbia ukiwa bado unasubiri ndugu wapatane. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata lina kazi ya kupatanisha tu, haliamui tena. Upatanishi ukishindikana, ndipo unakwenda na cheti cha kuonyesha hivyo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na nakala, karatasi halisi zibaki nyumbani mpaka zitakapotakiwa, na zipige picha zote, mbele na nyuma.

Mama mdogo alikwenda Baraza la Kata, na namshukuru Mungu kwamba wale ndugu walikuwa watu wa kusikilizana. Walikwenda mahakamani wakafungua mirathi, dada yao mkubwa akateuliwa msimamizi. Mama mdogo alibaki na sehemu yenye msingi na minazi, akaongeza pesa kidogo, sehemu ya bondeni ikarudi kwao. Safari hii Halmashauri ya Kijiji ilikaa kikao. Mkataba mpya una kurasa mbili, umechapwa, na sahihi za ndugu wote watano zipo, pamoja na ya yule aliyeuza mwanzo. Mama mdogo aliniomba nimsomee kwa sauti kabla hajasaini. Baada ya majina, sentensi ya kwanza inasema shamba lile baba yao alilifyeka mwenyewe likiwa pori, wao wamelirithi kwake, na namba ya shauri la mirathi ni hii. Mama mdogo aliniambia nirudie hapo, nikarudia, ndipo akachukua kalamu.